Tunamupa papa dawa ya sida tukimuambia ni ya presha: tunafanya vizuri?

Dada mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Ulizo lake ni refu, ntalifupisha. Papa yake iko na miaka 67, ni muzee wa kanisa, sukari iko nayo tangu zamani. Miezi 4 iliyopita alikuwa amekonda sana, anakohoa, na zona (bipele bya maji byenye kuwaka ku ngozi) ikamutoka ku mbavu. Bakamupeleka ku lopitali, bakamupima, alafu munganga akaita mutoto wa kwanza mu koridori akamupatia yeye majibu: papa iko na virusi vya sida. Bakaka bakakata neno kama papa hapashwe kujua, eti moyo utasimama. Tangu siku ile kila usiku anapewa kidonge, anaambiwa ni cha presha, na etiketi ya chupa balishaibandua. Sasa asubuyi anatetemeka, anatoka jasho, mara moja alianguka mbele ya choo, tumbo inamuhara, na mwenyewe anasema "hii dawa mupya ya presha itaniua." Mama, miaka 61, hajui kitu. Dada anauliza: tunafanya vizuri kumuficha? ile dawa njo inamuangusha? na muzee wa miaka hiyo ameipata wapi?

Dada yangu, nianze na kule kuanguka juu ile haingoje. Muzee mwenye sukari, anameza glibenklamidi (dawa ya kushusha sukari), asubuyi mbele ya kula anatetemeka na jasho ya baridi inamutoka: kitu cha kwanza cha kuwaza ni sukari imeshuka. Leo hii muazime glikometre, kamashine ka kupima sukari, kama hamuna, na ile hali ikimukamata tena mumupime palepale. Ikiwa chini ya 70 (mg/dl) mumupatie kitu cha sukari chenye kuingia haraka, vijiko vidogo vitatu vya sukari mu maji ao nusu ya chupa ya Fanta, mungoje dakika 15, mupime tena, kiisha ale chakula cha kweli, bugali ao viazi, juu sukari ya Fanta inapanda haraka na inashuka haraka. Kama glikometre haiko, musipoteze wakati kuitafuta, mumupatie tu sukari. Akiwa amelala haitike, musimumwangie kitu mu kinywa, kitaenda mu mapafu, mumubebe ku lopitali mbio. Na usiku kama amekataa kula kabisa, ile glibenklamidi ya jioni musimupe mbele ya kuongea na munganga. Ni hiyo tu. Bingine byote musibadilishe nyiye wenyewe, zaidi sana ile ya sida musiikate.

Uliniandikia majina ya dawa zote na nakushukuru sana, juu mu majina mule njo nimeona shida. Papa anameza metformini, nayo ya sukari, ya 850 mara tatu kwa siku, glibenklamidi asubuyi na jioni, kotrimoksazoli ile tunaita Bactrim, ya kukinga magonjwa mengine, TLD ya usiku njo hiyo munaita ya presha, na diklofenaki yenye anajinunulia mwenyewe ku famasi juu ya magoti. Sasa unifuate pole pole.

TLD ni dawa tatu mu kidonge kimoja: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni dawa nzuri, njo ya kwanza tunaanzia nayo karibu kwa kila mutu mukubwa. Lakini dolutegraviri inazuia metformini kutoka mu mwili, inabakia mingi mu damu, njo maana mutu akiwa na zote mbili metformini haipashwe kupita miligramu 1000 kwa siku. Papa yako, fanya hesabu, anafika 2550. Metformini ikizidi inaleta kuhara, kichefuchefu, chakula hakipendeze tena, na ni hayo unaniandikia. Mutu asipokula, glibenklamidi yeye inaendelea kazi yake ya kushusha sukari, haiulize kama umekula. Juu yake kuko kotrimoksazoli, na hiyo inaongezea glibenklamidi nguvu, zaidi kwa bazee benye figo zimechoka. Na figo za papa zinaweza choka kweli, juu tenofoviri inapita mu figo, na diklofenaki nayo inagonga figo, ukiziweka pamoja kila siku kwa mutu wa miaka 67 mwenye sukari unatafuta matata. Figo zikipunguza kazi, metformini na glibenklamidi zinabakia zaidi mu damu, na tunarudia pale tulianzia.

Kwa hiyo ulizo lako la pili, jibu ni kwamba dawa ya sida peke yake haimuangushe. Kinachomuangusha, vile naona kwa hayo umeandika, ni dawa tano zenye kuandikiwa na batu benye habaongee. Hii yote ni ya kutengeneza. Metformini inapunguzwa, glibenklamidi pengine inatolewa ao inabadilishwa na ingine yenye haishushe sukari ovyo kwa bazee, diklofenaki inaachwa na badala yake parasetamoli, na banapima kreatinini kuona figo. (Hapo ukumbuke kitu kimoja: dolutegraviri inaweza kupandisha kreatinini kidogo ku karatasi bila figo kuumia, kwa hiyo musishituke na namba mbele munganga hajaisoma.) Lakini ya kutengeneza na nani? Munganga wa sukari hajui kama papa iko na TLD, juu karne (kitabu cha mugonjwa) ya sukari haina alama yoyote ya ile dawa. Yule wa huduma ya sida pengine hajui habari ya metformini 850 mara tatu, juu mwenye kwenda kuchukua dawa ni kaka yako, na kaka yako hafuate mambo ya sukari. Mutu mumoja tu njo angeweza kusema kwa bote babili "miye nameza hii na hii," na ni yeye munamuficha.

Njo maana kwa ulizo la kwanza ntakujibu waziwazi: hapana, hamufanye vizuri, na najua mulifanya juu ya mapendo. Ile siri muliweka kati yenu na papa imeshafika kati ya banganga babili, na huko njo inamuumiza. Na haitaishia hapo. Siku moja atakwenda mazishi Walungu ao Kabare, ataacha kile kidonge ku nyumba juu kwake presha si kitu cha kubeba. Siku ingine ataingia fasi ya afya na kikohozi, bataona tibe (kifua kikuu), bataanza dawa yake, rifampisini, na mutu mwenye kumeza rifampisini dolutegraviri inapashwa kuwa mara mbili kwa siku, asubuyi na jioni, lakini nani atajua? Na yeye mwenyewe ameshaanza kusema dawa itamuua, kesho kutwa ataitupa mu choo, nyiye munafikiri ameza, virusi vinapanda na vinaweza zoea dawa.

Tena majibu ya damu ni ya mwenye damu. Nchi yetu iko na sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 yenye kulinda haki za batu benye kuishi na virusi, na siri ya mugonjwa imo. Yule alimupa kaka yako majibu mu koridori hakufanya kazi vile inapashwa, hata kama alifikiri anaheshimu muzee. Kama papa angekuwa amepoteza akili kabisa ingekuwa mambo mengine, familia ingesaidia kuamua. Lakini uliandika kama anahubiri, anahesabu sadaka, anasuluhisha ugomvi wa bibi na bwana mu quartier. Mutu wa namna ile ni mukubwa wa mwili wake.

Sasa ile ya "ameipata wapi." Naelewa juu ya nini munauliza, lakini naomba musifungue kesi. Virusi bila dawa vinaweza kukaa mu mwili miaka 8, 10, hata kupita, mbele mutu hajaanza kukonda, kwa bazee mara nyingi inakwenda mbio kidogo. Kwa hiyo inaweza kuwa ni ya juzi, inaweza kuwa ni ya wakati alikuwa na miaka 55, na hakuna labo yenye itaandika mwaka ao jina la mutu. Inapita kwa ngono bila kapote, kwa damu, kwa vyombo vya kutoboa mwili. Ngono haina umri wa kuisha, hii tuseme bila haya. Kuko bajane na bapapa benye kufiwa na muke benye kuoa tena bila kupimana, kuko batu benye kuachana na kapote juu mimba haiwezekane tena, na mama akishafunga hedhi ngozi ya ndani inakuwa nyororo na kavu, inachubuka haraka, virusi vinapata njia.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni kwamba bazee habapimwe. Mama mwenye mimba anapimwa, kijana anapimwa, kampeni zote ni juu yao. Hata ile EDS, uchunguzi mukubwa wa nchi wa 2013-2014, ilipima damu ya banamuke wa miaka 15 mpaka 49 na banaume mpaka 59, ikapata asilimia 1.2 njo benye virusi, na mutu kama papa yako ao mama yako hakuwa mu hesabu kabisa. Kwa hiyo muzee anakonda, banasema ni uzee. Anakohoa, ni baridi ya usiku. Zona inamutoka, banasema ni karuho (sumu ya kurogwa), banamupeleka kwa mutu wa kutapisha. Wakati banakuja kupima, kinga imeshashuka chini sana, na kwa mutu mwenye kupita miaka 50 kinga inapanda pole pole kuliko kwa kijana, hata kama dawa inavunja virusi sawasawa. Papa yako alipimwa, na hiyo mushukuru. Ila muulize kama balirudilia testi: mutu hatangazwe na testi moja, inafuatishwa na testi zingine za aina ingine mbele ya kusema ndiyo.

Namna ya kumuambia sasa. Musimuite mukutano wa familia, bakaka bote, mashemeji, bachungaji, hapana. Mutu mumoja wenu, yule papa anamuaminia sana, naona pengine ni wewe juu njo wewe uliandika. Usimuambie usiku, juu ataikaa na mawazo peke yake mpaka asubuyi. Umuambie asubuyi akishakula, siku yenye muko na randevu, na muende palepale. Unaweza sema hivi: "Papa, kuko kitu tulikuficha na tunakuomba masamaha. Ile dawa ya usiku haina ya presha. Ku lopitali balikuta virusi vya sida mu damu yako, na ile dawa njo inavishusha. Tuliogopa. Leo nakusindikiza, munganga atakuelezea yote, na nyumbani hakuna mwingine atajua kama haujataka." Kiisha unyamaze, umuache. Atakasirika, iko na haki. Bazee benye niliona mu kazi yetu, mara nyingi banauliza maulizo mawili tu: nitakufa sasa? na nani anajua? Kwa hilo la pili umujibu ukweli, jina kwa jina.

Na hilo la kwanza, ukumbuke papa yako sida aliijua wakati gani. Virusi vilitambuliwa mu 1983, alikuwa kijana wa kuoa. Zile dawa tatu za pamoja zilianza 1996 huko inje, na huku kwetu ilichukua miaka mingi tena kufika. Mu hiyo miaka yote aliona batu banakauka banakufa, na kanisani balihubiri kama ni azabu. Hiyo njo picha iko nayo mu kichwa, na munganga anapashwa kuitoa kwa maneno mafupi: kidonge kimoja kwa siku, na kama anameza vizuri virusi vinashuka mpaka machine haivione tena, na mutu mwenye virusi havionekane haambukize muke wake kwa njia ya ngono. Hii ya mwisho watu wengi hata benye elimu habaiamini lakini imepimwa kwa miaka mingi kwa bibi na bwana bengi, ni kweli. Muombe bamupime ile wingi wa virusi, banaita sharje virale. Inapimwa kisha miezi 6 ya dawa, tena ku mwezi wa 12, alafu kila mwaka. Machine ya GeneXpert ile ile ya tibe inaweza kuifanya.

Kuko na magonjwa mengine yenye kutembea na virusi, siwezi kuyamaliza yote lakini haya ya papa yako niyaguse. Kikohozi: muulize kama balipima makohozi juu ya tibe. Kama hapana, bapime sasa, na kama tibe haiko, munganga aone kama anafaa kupewa dawa ya kuikinga. Hepatiti B: tenofoviri na lamivudini zinatibu pia hepatiti B, sasa mutu akiwa nayo na akate TLD gafula, maini yanaweza kuwaka vibaya sana, njo sababu ingine ya kutokata. Kichwa: kama kichwa kinamuuma siku nyingi, kinaongezeka, anatapika, shingo inakaza ao anaongea bintu bisieleweke, musiseme ni mawazo ya uzee, hiyo inaweza kuwa kriptokoke (ugonjwa wa kuvu) mu ubongo, ni lopitali siku ile ile. Utando mweupe mu kinywa na kumeza kunauma, aonyeshe. Zona ikishapona inaweza acha maumivu miezi mingi kwa bazee, ngozi inawaka hata shati ikigusa, kuko dawa ya maumivu ya mishipa, asivumilie bure na asirudie diklofenaki. Na ujue pia kwamba miezi ya kwanza ya TLD kinga ikianza kuamka inaweza kupigana na ugonjwa wenye ulikuwa umejificha, mutu anapata homa, tezi zinavimba, familia banasema dawa imemukataa. Haimukatae. Munganga anatafuta ule ugonjwa anautibu, na TLD kawaida inaendelea.

Dawa ya asidi ya tumbo, ile ya maji meupe, na vidonge vya damu vya chuma ao vya kalisi, navyo vinakamata dolutegraviri mu tumbo, haiingie mu damu. TLD imezwe masaa 2 mbele yake ao masaa 6 nyuma. Uliniandikia kama siku za kufunga maombi kaka yako anaruka kidonge juu "hajala." Hapana! TLD haihitaji chakula, inamezwa na maji, na kama kufunga kwao kunakataza hata maji basi iwekwe saa ya kufungua, kila siku saa ile ile. Dawa za sukari njo shida wakati wa kufunga, na kwa papa yako na hali hii miye ningemukataza kufunga kabisa kwa sasa, pasta wake ataelewa. Chakula hakuna kilikatazwa juu ya virusi: sambaza, sombe, maharagi, mayai ukiyapata. Awe tu na nyama ya mwili tena.

Muombe dawa ya miezi 3 ao zaidi kama iko. Tangu Februari 2025 munajua vile mambo ya hapa muji yalikuwa, barabara zinafungwa, batu banakimbia na nguo moja. Weka vidonge vya siku kumi na tano hivi mu kachupa kakavu kenye kufunga vizuri, mu kifuko cha karata yake ya uchaguzi, na kikaratasi chenye kuandikwa majina ya dawa zote. Akifika fasi yoyote, hata Uvira ao Bujumbura, baone anameza nini.

Kiisha mama. Miaka 61, naye anapashwa kupimwa, hii haina ya kubishana, lakini habari ya papa apewe na papa mwenyewe. Mumupe nafasi hiyo, na kama anaogopa, mushauri wa huduma anaweza kuikaa nao babili na kusaidia maneno. Musimupeleke mama kumupima kwa uongo wa "ni ya sukari," mutakuwa munarudilia kosa lile lile kwa mutu wa pili. Testi ni tone la damu ya kidole, majibu ni siku ile ile. Ikiwa hana, arudilie kisha miezi 3, na mpaka sharje virale ya papa ishuke batumie kapote, banaweza cheka ao kuona haya, bapewe tu. Ikiwa iko nayo, anaanza dawa mara moja, na hapo uniandikie tena na majina ya dawa zake zingine, juu uliniambia naye iko na presha, ya kweli, na kuko dawa za presha zenye hazipatane na kotrimoksazoli, kama kaptopirili na spironolaktoni, zinapandisha potasiamu na moyo unaweza kusumbuka.

Kesho asubuyi mufanye hivi: mukusanye dawa zote za papa mu sashe moja, hata zile za kienyeji, hata plaketi za diklofenaki zenye kuisha, na karne zote mbili. Etiketi ya ile chupa, kama kaka yako aliitunza, muirudishe.